Kipa wa Ukraine aliyekuwa kocha: Shovkovskyi

Ndugu, umeuliza kama kuna kipa wa Ukraine aliyetoka langoni akafanikiwa kwenye benchi. Yupo, Oleksandr Shovkovskyi. Mzaliwa wa Kyiv, 1975, na timu yake ya wakubwa ilikuwa moja tu, Dynamo Kyiv, mpaka alipotundika glovu mwaka 2016. Alikuwemo kwenye kikosi kilichofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 1999 na kutolewa na Bayern kwa jumla ya mabao 4-3. Taifa Stars yao aliichezea mechi 92.

Lakini kama una dakika chache tu, tafuta ile mechi ya Kombe la Dunia 2006 dhidi ya Uswisi, mjini Cologne. Dakika 120 bila bao. Kwenye penalti Shevchenko, nahodha wa Ukraine, anakosa ya kwanza, nchi nzima roho mkononi. Shovkovskyi akapangua ya Streller, ya Barnetta ikagonga mtambaa panya, akapangua na ya Cabanas. Ukraine 3, Uswisi 0! Hakuna kipa aliyewahi kumaliza mikwaju ya Kombe la Dunia bila kufungwa hata mmoja kabla yake. Mimi bado nasisimka nikiitazama.

Ukocha: mwishoni mwa 2023 alikabidhiwa Dynamo baada ya kocha Mircea Lucescu kuondoka. Msimu wa 2024/25 akatwaa ubingwa wa ligi bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, tena nchi ikiwa vitani, mechi zikisimamishwa kwa ving'ora vya mashambulizi ya anga.