Maana ya «Pfand» na tarehe za vyakula katika maduka ya Ujerumani

Dada yangu, umeeleza kwamba tangu uhamie Berlin unatozwa zaidi ya bei uliyoiona rafuni, na kwamba neno «Pfand» kwenye risiti linakutia wasiwasi. Hiyo si kodi wala hujaibiwa, bali ni amana ya chupa: senti 25 kwa chupa ya plastiki au kopo la kutumika mara moja, na kwa kawaida senti 8 kwa chupa ya bia inayojazwa tena. Usiiponde chupa wala kubandua karatasi yake, kwa sababu mashine ya dukani husoma alama iliyopo hapo, kisha hukutolea stakabadhi ambayo keshia atakukatia kwenye hesabu yako au kukulipa taslimu.

Linalonigusa zaidi ni tarehe zinazoandikwa kwenye vyakula, maana zinahusu afya ya wanao. «Mindestens haltbar bis», yaani «hudumu angalau hadi», huahidi ubora tu, hivyo mtindi uliopita tarehe hiyo kwa siku mbili unaweza kuwa bado mzima. Lakini «zu verbrauchen bis», yaani «itumike hadi», utakayoiona kwenye nyama ya kusaga na kuku mbichi, ni ukomo wa usalama, na siku hiyo ikipita, tafadhali tupa.