Jibu Langu kuhusu Uso Uliopinda na Kupe wa Marekani

Shangazi, pamoja na ndugu zangu wote wa Arua,

Picha yangu yenye uso uliopinda imeshazunguka katika simu za jamaa, na mmeniuliza mambo matatu: kama nimerogwa, kama nitawaambukiza watoto nikija Desemba, na kama si afadhali nirudi nitibiwe nyumbani.

Sikurogwa. Niliugua ugonjwa wa Lyme, ambao huletwa na bakteria aitwaye Borrelia burgdorferi na huenezwa na kupe. Jina lake limetokana na mji wa Lyme, katika jimbo hili hili la Connecticut ninamoishi, ambako mnamo mwaka 1975 iligunduliwa kwamba watoto wengi mno walikuwa wakivimba viungo. Wazee wetu wangeuelewa upesi, kwa kuwa homa ya papasi, wale kupe wanaojificha katika nyufa za nyumba za udongo, huletwa na bakteria wa jamii hiyo hiyo. Ila papasi huuma usiku, akashiba na kuondoka, ilhali kupe wa huku hung'ang'ania ngozini kwa siku kadhaa, na kwa kawaida hupita zaidi ya saa 24 kabla hajaambukiza. Akitolewa mapema kwa kibano, kwa kumvuta moja kwa moja bila kumpaka mafuta ya taa, hatari hupungua sana. Taabu ni kumwona, maana kupe mchanga hulingana na mbegu ya mchicha na kuumwa kwake hakusikiki. Nami kazi yangu ni kufyeka nyasi pembezoni mwa misitu yenye panya na kulungu, ambao ndio wanaowalisha kupe hao kwa damu yao.

Baada ya siku 3 hadi 30, wagonjwa wengi hupata alama ngozini inayotanuka polepole, pamoja na homa, uchovu na maumivu ya viungo, dalili ambazo kwetu mtu angesema ni malaria. Katika mabango ya huku alama hiyo huchorwa nyekundu, yenye duara ndani ya duara, kwenye ngozi nyeupe. Juu ya paja langu ilionekana kama vilio la damu, nyeusi kidogo na yenye joto, na daktari wa kwanza akaniambia ni choa, akaniandikia dawa ya kupaka. Jambo hili linaniudhi hadi leo, kwa sababu alama ile ikitambuliwa, hakuna haja ya kungoja kipimo. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupigana na bakteria, nazo katika wiki za mwanzo huwa bado hazijatosha kuonekana.

Usipotibiwa, ugonjwa husambaa. Wengine huvimba goti, wengine mapigo ya moyo huvurugika, na hilo laweza kuua. Kwangu uligusa mshipa wa fahamu wa uso: jicho la kushoto likakataa kufumba, chai ikawa inachuruzika pembeni mwa mdomo. Daktari wa pili alinipa antibiotiki iitwayo doksisaiklini, mara mbili kwa siku, ileile inayouzwa katika maduka ya dawa ya Kampala. Wenye alama ya ngozi pekee huimeza kwa siku 10 hadi 14, na wenye uso kupooza hufika wiki 2 au 3. Mgonjwa ambaye moyo wake umeathirika vibaya hulazwa na kuchomwa antibiotiki nyingine, seftriaksoni, ya mshipani. Uso wangu unarudi, kama inavyokuwa kwa walio wengi.

Uchovu nao bado ninao, na wapo wanaoubeba kwa miezi baada ya kupona. Huku kuna watu wanaowauzia wagonjwa wa namna hiyo antibiotiki za miezi mingi kwa bei ya kutisha, ingawa utafiti umeonyesha kwamba hazisaidii na zinaweza kudhuru. Nimekataa, na dawa za mizizi mnazotaka kunitumia nazikataa kwa heshima zote.

Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kugusana wala kwa kula pamoja, kwa hiyo watoto wasizuiwe kunipokea. Kurudi kutibiwa hakuna haja, kwa kuwa dawa nimeimaliza. Kilichobaki ni bili, kisha wiki nilizolala bila mshahara, kwani kazi yangu haina likizo ya ugonjwa yenye malipo. Kwa hiyo ada ya muhula huu nitatuma nusu, na nusu nyingine nitaleta mwenyewe.