Kombora lenye waya mkiani

SWALI: Ndugu Mhariri, katika filamu moja ya vita niliona kombora likirushwa kupiga kifaru huku likiacha waya nyuma yake. Wenzangu wanabisha kwamba huo ni uzushi, kwani redio ingetosha. Je, silaha hiyo ipo kweli?
Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ipo, na ilikwishapigana vita vikubwa. Waya huo mwembamba umezungushwa kwenye bobini ndani ya kombora lenyewe, nao hufunguka kadiri linavyokwenda, mithili ya mshipi unaoachiwa na mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga. Kazi yake ni kupitisha ishara za umeme zinazoligeuza kombora likiwa angani. Redio ingeweza kazi hiyo, lakini mawimbi yake huvurugwa na adui, ilhali ishara iliyomo ndani ya waya ni vigumu mno kuiingilia.

Gharama ya usalama huo humwangukia mrushaji. Aliyetumia Malyutka, kombora la Kisovieti lililoingia jeshini mwaka 1963, alilazimika kulitazama kombora na kifaru kwa pamoja, akiliongoza kwa kijiti cha mkononi. Kwa shabaha iliyo umbali wa mita 3,000, hali hiyo ilidumu kwa takriban sekunde 25. Wamisri waliharibu vifaru vingi vya Israeli kwa kombora hilo huko Sinai mwezi Oktoba 1973, mpaka askari wa vifaru walipojifunza kummiminia risasi mrushaji, kwa kuwa akishtuka tu, kombora hupotea njia. Kwa maoni yangu, huo ndio udhaifu mkubwa kuliko wote wa silaha hii.

TOW ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1970, ilimpunguzia mrushaji mzigo: yeye hushikilia alama ya darubini juu ya kifaru, na mtambo, kwa kufuata mwanga ulio mkiani mwa kombora, hukokotoa marekebisho na kuyapeleka kwa waya. Hata hivyo hawezi kuondoka mpaka kombora lifike.

Waya pia ndio unaoweka kikomo cha masafa, ambacho kwa matoleo mengi ya baadaye ya TOW ni mita 3,750. Tena ukiangukia maji ya chumvi, ishara hudhoofika, hivyo kurusha kukatisha ghuba pana kama hii yetu ya Tanga kungekuwa kubahatisha.