Mwaga kikapu chote mezani

Bibi mmoja wa Kibosho aliletwa wodini kwetu hapa Moshi alfajiri, jasho linamtiririka, haongei. Tulipompima, sukari ya damu ilikuwa 1.9, chini mno. Tukamtundikia glukosi, baada ya muda akafumbua macho na kuuliza nani amemkatia ng'ombe majani.

Mwanawe alikuja na kikapu. Nikakimwaga kitandani: bahasha ya hospitali yenye glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, na pakiti ya Daonil ya dukani. Ni dawa ile ile, majina mawili. Bibi alikuwa anameza zote mbili kila asubuhi. Na sisi ndio tuliomruhusu wiki mbili nyuma, tukampa bahasha bila kumuuliza nyumbani ana nini. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee mwenye figo dhaifu, na sukari inaweza kushuka tena baada ya glukosi. Tulimlaza siku mbili.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipozindua kampeni ya usalama wa dawa, lilitaja maeneo matatu ya kuangaliwa zaidi: dawa nyingi kwa mgonjwa mmoja, hali zenye hatari kubwa, na mgonjwa anapohama toka mikono hii kwenda mingine. Bibi alikuwa nayo yote matatu.

Kwa hiyo muuguzi mwenzangu, siku ya kumruhusu mgonjwa usimkabidhi bahasha na kumtakia safari njema. Mwite mfamasia, mwite na ndugu anayempa dawa nyumbani, mwageni kikapu chote pamoja. Kipi kinaendelea, kipi kimeachwa, kiandikwe kwenye daftari lake la kliniki, kwa maneno. Ile "1x2" tunayoandika haraka haraka, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, wengine huisoma kidonge kimoja kwa siku mbili. Kisha mpigie mhudumu wa afya wa kijijini kwao. Yeye ndiye atakayeuona uvungu wa kitanda, si daktari.

Wodini pia tusioneane aibu. Dozi ya insulini waisome watu wawili, na neno "uniti", kipimo chake, liandikwe lote. Nimeona "10U" ya mwandiko mbaya ikikaribia kuchomwa kama 100. Aliyeizuia ni mwanafunzi wa mazoezi, kwa sauti ya woga kabisa. Dada wa zamu angemkaripia siku ile, sijui kama angefungua mdomo tena.

Na wewe wa duka la dawa muhimu, kabla hujapokea hela omba kuona bahasha ya zamani. Swali moja tu.

Bibi alirudi kliniki mwezi uliofuata. Hakungoja kuulizwa, akakaa, akakimwaga kikapu mezani. Glibenklamaidi haikuwemo tena, daktari alishambadilishia. Ila palikuwa na vidonge vyekundu visivyo na jina.

"Hivi vya nini, bibi?"

"Vya mgongo. Jirani kanigawia, vinamsaidia sana."

Nikamwita mfamasia.