Andika Kabla Hujavua Alba (Kanzu ya Misa)

Juzi nilimwona padre mmoja, mafuta ya upadrisho hayajamkauka mikononi, akibatiza watoto 9 na kuandika majina yao nyuma ya karatasi ya nyimbo. "Nitayaingiza jioni," akaniambia. Nilicheka. Usiku sikupata usingizi. Wadogo zangu mapadre, sikilizeni.

1. Homilia, yaani mahubiri ya Misa, iwe fupi. Papa Fransisko alisema isizidi dakika 8. Waumini walishalijua hilo zamani, walikosa tu wa kumwambia.

2. Ukishakuwa paroko, kila Dominika una deni la Misa moja kwa ajili ya kundi lako (Kanuni ya 534 ya Sheria za Kanisa). Haina sadaka ya nia, ile fedha anayotoa mtu akiomba Misa, ndiyo maana inasahaulika.

3. Leja ya ubatizo, daftari la parokia la majina ya waliobatizwa. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa paroko msaidizi, mwaka wa pili. Usiku wa Pasaka nikabatiza 14, majina nikayachomeka kwenye Breviari, kitabu changu cha sala za kila siku, palepale penye Masifu ya Jioni, ili yasinipite. Jumatatu ikaja na mazishi, juma lililofuata mafungo, halafu barua ya uhamisho. Karatasi ikaondoka nami, ikapotelea kwenye makaratasi yangu.

Miaka mingi baadaye paroko wa kule akanipigia. Kuna binti anafunga ndoa, matangazo yameshasomwa mara mbili, jina halimo lejani. Kadi yake ya ubatizo ilipotea familia ilipohama. Hata ingekuwepo, mnajua wenyewe: kwa ndoa tunataka cheti kipya kilichotoka lejani, chenye maandishi ya pembeni, tuone kama hajafunga ndoa kwingine. Pembeni ya nini, wakati mstari wenyewe haupo?

Nilikwenda. Kanuni ya 876 inaridhika na shahidi mmoja wa kuaminika, basi nikamuuliza mama yake, kwa sauti ya ofisini kabisa, nani alishuhudia. Akaniangalia. "Padre, shahidi si wewe?" Akanikumbusha nilivyolikosea jina la mtoto hadi kanisa zima likacheka. Mimi sikukumbuka kitu. Sura ya binti ilikuwa ngeni kwangu kama ya mpita njia.

Msimamizi wake wa ubatizo alikuwa hai, akatoa ushuhuda, ndoa ikafungwa. Nikaanza kuwatafuta wale 13. Nimewapata 9. Wanne waliobaki nawaombea kila Misa, bila majina, maana majina niliyapoteza mimi.

4. Mafuta ya wagonjwa yasilale sakristiani, kwenye chumba cha mavazi ya Misa; tembea nayo. Simu ya mgonjwa haingoji kikao cha fedha kiishe.

5. Tembeleeni nyumba. Mnampenda Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko tangu 1929, kwa saa alizokaa kwenye kiti cha kitubio. Sawa. Lakini alipofika Ars, kijiji cha Ufaransa, mwaka 1818 hapakuwa na foleni yoyote ya kuungama. Alianza kwa kubisha hodi milangoni. Ninyi mnafungua kitubio nusu saa, hatokei mtu, mnalaumu walei. Na ukienda kwa watu, zima simu. Nimemwona mmoja akibariki nyumba kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unajibu ujumbe.

Nawe wa watoto 9: leja nimeiacha wazi sakristiani, kalamu iko juu yake. Jioni imeshafika.