Diski ya Pili: Maswali Yenu Kuhusu Gemu za Kale za Kijapani

Dragon Quest III, gemu ya mwaka 1988, ilirudi madukani kwa sura mpya mwezi Novemba 2024, na zile mbili zilizoitangulia zikafuata Oktoba 2025. Tangu hapo sanduku langu la barua limejaa maswali kuhusu gemu za uhusika za Kijapani, zile ambazo wachezaji huziita RPG: unaongoza kikundi cha mashujaa, unapigana kwa zamu, unapanda levo, na hadithi inakwenda kama riwaya ndefu. Nimechagua maswali manane.

Shikamoo mwandishi. Nina miaka 24 na nimezoea gemu za mpira na za kivita kwenye simu. Kaka yangu huzisifia RPG za miaka ya tisini mpaka anachosha. Nikitaka kujaribu moja tu, iwe ipi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Jaribu Chrono Trigger, iliyotolewa na kampuni ya Square tarehe 11 Machi 1995 kwa ajili ya Super Famicom, mashine ya Nintendo ambayo nje ya Japani iliitwa Super Nintendo, na ambayo leo inapatikana kwenye simu na kompyuta. Iliwakutanisha watu ambao mashabiki hawakutarajia kuwaona meza moja: Hironobu Sakaguchi, mwanzilishi wa Final Fantasy, Yuji Horii, mwanzilishi wa Dragon Quest ya kampuni shindani ya Enix, na mchoraji Akira Toriyama, yule wa Dragon Ball, aliyefariki Machi 2024. Kampuni hizo mbili ziliungana baadaye, mwaka 2003. Gemu yenyewe huisha kwa saa ishirini na kitu, muda ambao RPG nyingine nyingi hutumia kusafisha koo tu.

Ninakuomba usiukimbie mwanzo wake. Hadithi inaanzia kwenye maonyesho ya kuadhimisha miaka elfu moja ya ufalme, ambako unagongana na msichana, anaanguka, na kidani chake kinadondoka. Mbele kidogo kuna chakula cha mzee mmoja juu ya meza, na gemu haikukatazi kukila. Mimi nilikila, kwa sababu katika gemu nyingine zote kitu kinacholiwa ni chako. Saa kadhaa baadaye unafikishwa mahakamani kwa tuhuma za kumtorosha binti mfalme, ambaye ndiye msichana yule, na mwendesha mashtaka anaanza kuita mashahidi: je, uliokota kidani kabla ya kumjulia hali aliyeanguka? Je, yule mtoto aliyepotelewa na paka ulimsaidia? Na mzee wa watu anasimama kueleza habari za chakula chake. Baraza la watu saba linapiga kura kwa mambo uliyoyafanya ukidhani hakuna anayekutazama, na hata ukishinda kesi unatupwa mahabusu vilevile, kwa kuwa waziri mkuu wa mfalme ana mipango yake. Sijaona gemu ya leo yenye ramani kubwa mara mia iliyonifanya nione haya kiasi kile.

Nimekulia kwenye vibanda vya gemu, tukilipia mechi moja moja. Mbona hizi gemu mnazozisifia hatukuziona kabisa? (Msomaji, Mombasa)

Kibanda kiliishi kwa mzunguko wa wateja, na gemu ya mpira huisha kwa dakika kumi, ilhali RPG inahitaji saa arobaini za mtu mmoja aliyeshika pedi peke yake huku wengine wakimsubiri. Hakuna mwenye kibanda ambaye angekubali. Kabla ya hapo, mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom, mashine ya Nintendo iliyoitangulia Super Famicom, ambazo wengi tulizijua nyumbani, zilikuja na katriji zinazojigamba kuwa na mamia ya gemu, lakini humo zilijazwa gemu ndogo zisizohitaji kusevu wala kusoma. RPG ilihitaji vyote viwili: maandishi mengi, ya Kijapani au ya Kiingereza, na mahali pa kuhifadhi safari yako.

Mimi niliipata moja kwa bahati. Jirani yetu alikuwa na PlayStation na nakala ya Final Fantasy VII, gemu ya Januari 1997 inayokaa kwenye CD tatu, ila yeye alikuwa na ya kwanza tu. Tuliicheza likizo nzima tukitumia kadi ya memori yenye nafasi 15, ambazo watoto wa mtaa tuligawana kama viti vya daladala, na asubuhi moja nilikuta nafasi yangu imefutwa na mtu aliyesevu mechi zake za ligi juu yake. Nilianza upya. Nilifika mwisho wa CD ile, mahali ambapo Aerith, msichana muuza maua ambaye nilikuwa nimempandisha levo kuliko wenzake wote, anauawa akiwa katika sala, na Cloud, shujaa mkuu wa gemu, anamlaza majini taratibu. Kisha gemu ikaniuliza kama nataka kusevu, ikaniambia niweke diski ya pili. Diski ya pili hatukuwa nayo.

Nimeanza Final Fantasy ya kwanza, lakini kila hatua tatu natokewa na maadui. Je, kutumia kile kitufe cha kuwazima ni udanganyifu? (Msomaji, Kampala)

Kitufe hicho kimewekwa na wenye gemu yao. Matoleo yaliyochorwa upya yaitwayo Pixel Remaster, ya mwaka 2023 kwa mashine za kuchezea, yanakuruhusu kuzuia mapambano ya kushtukiza na kuongeza pointi za uzoefu hadi mara nne, na mtu mwenye kazi, watoto na foleni ya kwenda na kurudi hana sababu ya kuomba radhi kwa kuvitumia.

Hata hivyo, ningekushauri uvumilie saa mbili tatu za mwanzo ukiwa umeviacha, ili uelewe mapambano yale yaliwekwa kwa kazi gani. Pango katika gemu hizi ni mtihani wa akiba: unaingia na dawa kadhaa na nguvu za uchawi zinazohesabika, na kila adui mdogo anakula kidogo, hivyo swali linalokuumiza kichwa ni kama utasogea mbele au utarudi kijijini ungali hai. Ukiwazima maadui, pango linakuwa korido tupu na zimwi la mwisho linakukuta ukiwa dhaifu. Dragon Quest ya kwanza, ya tarehe 27 Mei 1986, inalionyesha hili waziwazi. Ukiua slaimu mmoja, yule adui mdogo wa ute na dhaifu kuliko wote, unapata pointi 1, na levo ya pili inataka pointi 7, kwa hiyo unazunguka ngome ukitafuta slaimu saba kama mtu anayeokota kuni. Ukifa hupotezi levo zako. Unarudishwa mbele ya mfalme ukiwa umekatwa nusu ya fedha. Horii alizipenda mno RPG za kompyuta za Kimarekani kama Wizardry na Ultima, ambazo hazikuwa na huruma kwa mgeni, na alitaka kutengeneza ambayo hata mtu asiye na mikono myepesi angeimaliza kwa subira. Kuzunguka kule ndiyo huruma yenyewe, ingawa nakubali kwamba kufikia slaimu wa sita haionekani hivyo.

Nimenunua katriji ya zamani ya Super Nintendo. Inacheza vizuri, ila nikizima tu safari yangu yote inapotea. Muuzaji hataki kusikia. (Msomaji, Muscat)

Muuzaji wako simjui, lakini katriji yako naijua. Ndani yake kuna betri bapa ya duara, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, inayolinda memori ndogo isisahau pale umeme unapozimwa. Betri hizo ziliwekwa miaka ya tisini, na nyingi zimekwisha au ziko mbioni kwisha. Utahitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8, kwa sababu skrubu za katriji zina kichwa ambacho bisibisi za kawaida hazikishiki, na betri mpya ambayo tayari ina vimiguu vya kuchomea. Usichomee moto moja kwa moja kwenye betri, maana inaweza kupasuka. Kama hujawahi kushika kifaa cha kuchomea, mpelekee fundi simu. Kwake ni kazi ya dakika kumi. Kumbuka tu kwamba ukishaing'oa betri ya zamani, chochote kilichokuwa kimehifadhiwa kinakwenda nayo. Kwa hiyo, ikiwa siku moja utapata katriji ambayo bado inasevu, iwashe kwanza uone mwenyewe wa zamani aliishia wapi na aliwapa mashujaa majina gani. Mimi hufanya hivyo kila mara.

Kule Japani, gemu mbili za kwanza za Dragon Quest hazikuwa na betri kabisa. Mfalme alikupa maneno ya siri, herufi 20 katika ya kwanza na hadi 52 katika ya pili, ukayanakili kwenye daftari kwa mkono. Ukikosea herufi moja, safari imekwisha.

Final Fantasy III na Final Fantasy VI ni gemu moja au mbili? Kila mtu ananiambia lake. (Msomaji, Dodoma)

Ni mbili, na wote wanaokuambia wana haki kidogo. Marekani hawakuletewa ya pili, ya tatu wala ya tano wakati zilipotoka, hivyo ya nne iliuzwa kule kama II mwaka 1991 na ya sita kama III mwaka 1994. Mwaka 1997 ya saba iliachiwa namba yake halisi, na wateja wakadhani wamerukwa na gemu tatu. Leo namba za Kijapani ndizo zinazotumika kila mahali.

Je, muziki wa gemu hizi ni mzuri kweli, au ni utoto wetu unaotudanganya? (Msomaji, Bujumbura)

Ni mzuri, na uzuri wake una sababu inayoweza kuelezwa. Famicom ilikuwa na njia tano tu za sauti, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kelele. Super Famicom iliongeza zikawa nane, kwa chipu iliyobuniwa na Ken Kutaragi wa Sony, ambaye baadaye aliizaa PlayStation, lakini memori ya sauti ilikuwa kilobaiti 64, ndogo kuliko picha moja unayotumiwa leo kwenye WhatsApp. Mtunzi aliyebanwa hivyo hawezi kujificha nyuma ya vyombo hamsini. Lazima awe na wimbo ambao mtu ataupiga mluzi akienda dukani, tena wimbo utakaovumiliwa ukirudiwa mara mia mbili.

Sikiliza kile Nobuo Uematsu, ambaye hakusomea muziki darasani, alichokifanya katika Final Fantasy VI. Kuna jukwaa la opera, na jenerali wa kike aitwaye Celes anaigiza nafasi ya mwimbaji. Mashine haikuweza kubeba sauti ya mtu akiimba, kwa hiyo Uematsu alitumia mlio unaokaribia sauti ya mwanamke, bila neno hata moja, huku mashairi yakipita kwenye skrini, na wewe mchezaji unatakiwa ukumbuke mstari unaofuata. Ukikosea, onyesho linasimama. Mara ya kwanza nilikosea, nikajikuta nikisoma mashairi yale kwa sauti chumbani kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani.

Wajapani wenyewe hawana shaka nao. Timu za mataifa zilipoingia uwanjani kufungua Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, ziliingia kwa muziki wa gemu, na wa kwanza kusikika ulikuwa wa Dragon Quest, uliotungwa na Koichi Sugiyama.

Mwanangu wa miaka 12 anacheka picha zake, anasema ni matofali. (Msomaji, Nakuru)

Anayaona matofali kwa sababu anatazama kwenye skrini bapa. Wachoraji wa wakati ule walifanya kazi wakijua kwamba televisheni za chogo huzifanya nukta zivujiane rangi, na wakautumia uvujaji huo kulainisha mashavu, maji na ukungu. Tafuta kwenye mipangilio ya gemu kichujio kinachoiga skrini ya chogo, ukiwashe, kisha msogeze mwanao nyuma hatua mbili. Akiendelea kucheka, mwache acheke. Sisi nasi tulizicheka redio za mbao za babu zetu.

Nimerudia gemu niliyoipenda nikiwa shule ya msingi na sikuhisi chochote. Je, tatizo ni mimi au ni gemu? (Msomaji, Toronto)

Inawezekana si gemu uliyokuwa umeikumbuka. Nikijihoji vizuri, ninachokikumbuka mimi ni sakafu ya saruji ya jirani, harufu ya maandazi ya mama yake, na watoto wanne wanaobishana kama tutumie dawa sasa au tuibakize. Hayo hayako kwenye CD. Ndiyo maana siwashauri watu warudie tu waliyoyamaliza. Jaribu ile ambayo hukuwahi kuifikia, kwa sababu hapo huna kumbukumbu ya kushindana nayo.

Mwaka 2016 Final Fantasy VII ilipokuwa imeshafika kwenye simu za Android, niliinunua na kuicheza tangu mwanzo ndani ya daladala, mpaka nikafika tena pale kwenye maji. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejitungia mwendelezo wangu kichwani: matanga marefu, kikundi kizima kimekaa kimya, Cloud hasemi na mtu. Sasa nikasonga mbele. Anasema maneno machache mazito, mnaondoka, mnapanda jabali, mnaingia kijiji chenye theluji, na kabla machozi hayajakauka unapewa ubao wa kuteleza kwenye theluji wa mtoto aliyeumia, unashuka nao mlimani kwa kasi ukikwepa miti, muziki wa furaha ukipiga. Nilicheka peke yangu mpaka konda akaniuliza kama niko salama, kisha nikapitiliza kituo.