Maswali ya Wasomaji: Kufungua Kufuli Bila Ufunguo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana wa Isevya, Tabora, ninayeuza vifaa vya ujenzi. Nimevutiwa na ufundi wa kufungua kufuli bila ufunguo, si kwa nia mbaya bali kwa kupenda kujua linavyofanya kazi. Nianzie wapi, na je, sheria inaniruhusu?

JIBU: Anza na kufuli lako mwenyewe, tena lile lisilofunga chochote, kwa kuwa mazoezi huchakaza pini na huenda ukajikuta umefungiwa nje ya chumba chako. Kuhusu sheria, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalifanya kuwa kosa kukutwa usiku na zana za kuvunjia nyumba bila sababu halali, na mzigo wa kuithibitisha sababu hiyo ni wako. Kwa hiyo zana zibaki nyumbani, na usizitie mfukoni unapokwenda kutazama mpira.

Makufuli mengi uliyo nayo dukani hufuata muundo ambao Linus Yale Mdogo wa Marekani aliupatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1861. Ndani ya kiwiliwili cha kufuli mna silinda ndogo inayozunguka, na pini zilizopangwa jozi jozi, zikisukumwa na springi, hukaa zimevuka mpaka wa silinda hiyo na kuizuia. Ufunguo halali huinua kila jozi mpaka maungio ya pini mbili yalingane na mpaka huo. Lau matundu yote yangetobolewa sawasawa kabisa, kazi yako ingekuwa ngumu mno; lakini hakuna kiwanda kinachotoboa bila tofauti ndogo ndogo, na ndiyo maana unapoizungusha silinda kidogo, pini moja hubanwa kabla ya wenzake. Itafute hiyo, iinue taratibu mpaka usikie mlio mdogo na silinda isogee kiasi cha unywele, kisha itafute inayofuata, ambayo mara nyingi si jirani yake.

Zana za lazima ni mbili: kipande kilichopindwa cha kuizungusha silinda, na kijiti chenye ncha iliyojikunja cha kuinulia pini. Vyote viwili hupatikana kutokana na ule utepe mwembamba wa chuma uliomo ndani ya waipa kuukuu za gari, ambazo gereji hutupa. Vichonge kwa tupa, kisha uvilainishe kwa msasa mpaka visikwaruze. Wanaoanza hushindwa zaidi kwa mkono wa kuzungusha kuliko kwa ule wa kuinua. Ukikaza mno, pini zote huganda na vidole havitambui lolote. Nguvu ya kubonyeza kitufe cha kikokotoo inatosha. Pini isiyobanwa hurudi kwa wepesi wa springi yake, ilhali iliyobanwa huhisiwa nzito, na kujifunza kuzitofautisha kwa kidole ndiko kujifunza ufundi wenyewe.

Ukiweza, pata silinda ya kitasa iliyokwisha kutumika, umwombe fundi funguo akuachie jozi moja tu ya pini ndani, kisha aongeze ya pili na ya tatu kadiri unavyozimudu. Usiifungue mwenyewe juu ya mkeka, maana springi zake huruka na hazionekani tena. Vitasa vya zamani vya milango ya mbao, vyenye ufunguo mrefu wa meno mwishoni, uviache kwa sasa: hivyo hutumia vibamba badala ya pini, na vina zana zake.

SWALI: Mimi ni mama mwenye duka Ujiji, Kigoma. Ikiwa vijana wanajifunza mambo haya, nibadilishe kufuli langu?

JIBU: Mama, hofu hiyo ni ya tangu zamani. Mwaka 1851 jijini London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alizifungua kufuli za watengenezaji Chubb na Bramah zilizosifiwa kuwa hazifunguki, na ile ya Bramah ilimchukua saa 51 za kazi. Mwizi wa duka hana subira hiyo. Yeye huja na mtaimbo au msumeno wa chuma. Kabla ya kununua kufuli jipya, angalia komeo linaloshikilia hilo ulilo nalo: ikiwa skrubu zake zinaonekana nje mlango ukiwa umefungwa, au mbao zake zimeliwa na mchwa, fedha zako zianzie hapo.